Wasia Tulioutafuta Nakaloke

Ugomvi ulianza juu ya nani atakayemwosha habuba siku akifa, na habuba mwenyewe alikuwa hai, yuko chumba cha pili, anaomba chai. Ndivyo tulivyo sisi Wanubi. Tukikaa watatu, wa nne tunamzika kwa maneno.

Habuba kwetu ni bibi. Huyu hakumzaa mama yangu. Alikuwa mdogo wa nyanya yangu, na nyanya alipokufa akamwacha mama mchanga, yeye ndiye aliyemchukua, akamlea, akamfundisha kupika kisra, mkate wetu mwembamba, na mwishowe akamwoza. Nyanya na habuba walijulikana Jinja nzima kuwa binti za Sajini, askari wa Keya, yule mzee wa Kisudani aliyebeba bunduki ya Mwingereza mpaka vita vya Mjerumani vikaisha, kisha akaja kujenga upande wa Kimaka. Kwa hiyo mama alikuwa mjukuu wa Sajini. Hilo halikuwa jambo la kuuliza. Sisi watoto tukiuliza uliza tulichapwa.

Aliyekuja kuuliza ni binamu yake mama, binti wa kaka yao habuba. Mimi namwita mama mdogo, na hapa nitamwita hivyo hivyo, ingawa siku ile nilimwita majina mengine kimoyomoyo. Vita vilipofika Jinja yeye ndiye aliyemvusha habuba mpaka Kenya. Wakaishi huko miaka kwenye chumba kimoja, wakarudi baada ya serikali kubadilika mara kadhaa na watu kuchoka kutuwinda. Nyumba ya Sajini waliikuta imejaa wapangaji wasiomlipa mtu. Wakabembeleza, wakarudishiwa vyumba viwili. Kimoja alilala habuba, miguu imevimba, macho yamepungua, ulimi mzima kabisa.

Siku ile ya ugomvi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kuwaona tangu vita. Tulitoka Mbale alfajiri, tukashushwa kwenye vizuizi vya askari, "Wewe natoka wapi? Nakwenda wapi?", tukajibu "Afande, kwa mama mgonjwa," mpaka koo zikakauka. Tulipofika, mama akamkumbatia habuba wakalia, kisha wakaanza kutaniana nani amezeeka zaidi. Habuba akasema maneno aliyoyasema tangu mimi mdogo: "Wewe ndiye utakayeniosha. Hawa wengine watanisugua kama sufuria." Tukacheka. Tulipotoka kwenda kukaa nje, mama mdogo hakuwa akicheka.

"Dada," alisema, "maiti huoshwa na damu yake."

"Na mimi ni nini? Maji?"

"Mimi sisemi. Wazee tuliokuwa nao kule Kenya ndio waliosema. Walisema mama yako aliingia nyumba hii akitembea kwa miguu yake. Hakuzaliwa humu."

Mama aliweka kikombe chini polepole, na mimi niliyemjua nikajua kwamba hiyo si salama. "Umembeba mama yetu, Mungu akulipe," alisema. "Lakini ukoo wangu nitaubeba mwenyewe." Tukarudi Mbale siku ile ile, bila kula.

Mtu asiyejua vita vilitufanya nini atasema mama alikuwa na hasira za bure. Baba yangu ni Mgisu, mtu wa mlimani, mwalimu wa shule ya msingi. Alisilimu ili amwoe mama, na Uislamu wake ulikuwa wa Ijumaa na sikukuu. Tulikaa Nkoma, mtaa wa Mbale. Utawala wa wanajeshi ulipoanguka na askari wa Tanzania wakawa wanasogea kuja upande wetu, watu waliamua kwamba kila Mnubi alikuwa serikali. Mama alikuwa anakaanga maandazi barazani. Naye akawa serikali! Walipokuja, wengine majirani, wengine hatukuwajua, baba alimsihi aseme yeye ni wa mlimani, kwa maana Kigisu alikisema vizuri kuliko baadhi yao. Mama akaenda chumbani, akavaa gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi, akarudi kusimama mlangoni.

"Mimi mjukuu wa Sajini," aliwaambia. "Mnataka kuiba, ibeni. Babu yangu hamnibadilishii."

Wakaiba kweli. Vitanda, sufuria, cherehani, mpaka milango waling'oa. Mvua zikaja, tukalala chini kwenye nyumba isiyo na mlango, na mdogo wetu wa mwisho akapata vichomi. Dawa hazikuwapo hospitalini, wala daktari. Akafa. Baba hakuwahi kumwambia mama kwamba laiti angekana siku ile, na mama hakuwahi kusema anajuta, lakini jambo lile lilikaa nasi mezani kila tulipokula. Sasa anakuja mtu kutoka Kenya kumwambia babu si wake.

Ni baba aliyesema tutafute wasia. "Kwetu mzee akifa," alisema, "wasia unasomwa mbele ya umma. Mtoto aliyetajwa ni mtoto. Asiyetajwa achukue kofia yake aende. Tafuteni wasia wa huyo Sajini, mumfunge yule mama mdomo." Tukaona ni hekima. Chuoni mimi na mama tulifundishwa kusoma Kurani kwa sauti nzuri. Mambo ya mirathi tuliwaachia wanaume, na mwanamume wetu ndiye huyo.

Nilikuwa mwalimu kama baba, na likizo zangu zote zikaliwa na Sajini. Kwenye ofisi ya ardhi ya Jinja nilikuta mafaili yamelundikwa sakafuni, mengine yameungua kando kwa sababu askari waliokaa pale waliyawashia moto wa chai. Jina la Sajini lilikuwapo, na kiwanja chake kilikuwapo, wanawe hawakutajwa. Kwenye malipo ya uzeeni nikaambiwa, "Madamu, hiyo Keya ni ya zamani, karatasi zake zilikwenda na wazungu." Nilimjibu yule bwana kwamba hata yeye angekwenda nao tusingepungukiwa. Mama alinifinya.

Msikitini ndipo tulipopata mwanga, au tulidhani ni mwanga. Mzee aliyetunza kitabu cha ndoa alikuwa amekificha miaka yote ya vita. Ndoa ya nyanya yangu ilikuwamo. Mahali pa walii, yaani baba au mtu wa ukoo anayemwozesha bibi harusi, palikuwa na jina la kadhi. Jina la Sajini lilikuwa chini, kwa mashahidi. Nikamwuliza mama, mbona baba mtu ni shahidi tu wa harusi ya mwanawe?

"Labda alikuwa mgonjwa," alisema mama.

"Mgonjwa, na akaja kutoa ushahidi?"

"Labda walikuwa na desturi zao. Twende." Akitaka jambo, mama hakupungukiwa na labda. Na mimi nilizimeza zote, kwa kuwa nilitaka vile vile.

Yule mzee wa kitabu akatuambia kwamba Sajini, kabla ya kujenga Jinja, alikaa kwanza Nakaloke, na maandishi yake yote aliandikiwa na imamu wa huko. Nakaloke! Hapo hapo juu ya Mbale, mahali tunapokwenda kununua mihogo siku ya soko, nasi tumezunguka Jinja kama vipofu. Mama alicheka njia nzima ya kurudi.

Imamu alikuwa amekufa. Mjane wake, bibi mdogo wa umbo na mkali wa macho, alipanda kiti mwenyewe, akatukatalia kumsaidia, akateremsha debe kutoka darini. Alilificha humo pamoja na misahafu wakati msikiti ulipovunjwa milango. Karatasi ya Sajini ilikuwa ya tatu kutoka juu. Ilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mama akaanza kuisoma kwa kidole, herufi moja moja, kama mtoto wa chuo. Koti lake la jeshi apewe rafiki yake fulani. Kitu fulani kiende msikitini. Halafu likaja jina la nyanya: apewe ng'ombe jike na ndama wake, na chumba cha mbele akae humo mpaka aolewe, na mtu yeyote asimbughudhi.

Mama alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Alinikumbatia, akamkumbatia yule mjane, akasoma tena. Habuba hakutajwa, kaka yao hakutajwa, ni nyanya peke yake. "Umeona?" aliniambia machozi yakimtoka. "Alimpenda kuliko wote! Asimbughudhi mtu! Sasa na aje huyo wa Kenya anibughudhi."

Mjane alikuwa anafunika debe lake. "Mnaipeleka wapi?" aliuliza.

"Jinja, mama. Isomwe mbele ya watu."

Akakaza kifuniko. "Karatasi hizi zimelala salama vita vyote," alisema. "Nyingine si vibaya zikiendelea kulala."

"Vita vimekwisha, mama," mama alimwambia, akaifunga karatasi kwenye pindo la nguo yake. Nimeyafikiria maneno ya yule bibi mara nyingi. Alijua. Alikuwa mke wa imamu miaka yote ile, angewezaje kutojua? Lakini nani angethubutu kumwambia mwanamke aliyekuwa anacheza ngoma uani kwake?

Mama alijipeleka Jinja kwa kishindo. Alinunua sukari na mchele, akamwita shehe, akawaita wazee wa Kinubi waliorudi, akamkalisha mama mdogo mbele kabisa. Habuba alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa. Shehe akavaa miwani, akasoma yote kwa sauti, kisha akarudia kimoyomoyo. Halafu akamtazama mama kwa huruma.

"Sajini alikuwa na watoto wengine?" aliuliza.

"Wawili," mama akadakia. "Na hawakutajwa! Ametajwa mama yangu tu."

"Ndiyo, mwanangu," shehe alisema. "Mtoto haandikiwi wasia. Mtoto ana fungu lake, Mungu amemgawia, baba yake hana la kuongeza wala kupunguza. Wasia ni wa yule asiye na fungu. Mzee aliogopa kwamba akifa, huyu atatoka mikono mitupu, ndiyo maana akamwandikia."

Alisema taratibu kama anayemtoa mtu mwiba. Mama alimtazama, akawatazama wazee, na wazee wakatazama mikeka. Mimi nilikumbuka kile kitabu cha ndoa, kadhi akiwa walii na Sajini shahidi, nikatamani ardhi ipasuke. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, nasi tulikisoma kinyume, kwa macho ya wakwe zetu wa mlimani.

Ningefurahi kama mama mdogo angecheka, ningepata mtu wa kupigana naye. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na chai, akampa mama kwanza, kwenye kikombe chenye kisahani. Nyumba ile mama alikuwa akijimiminia mwenyewe kwenye kopo tangu utoto wake. Alikitazama kile kisahani, akakiweka chini bila kunywa, akachukua mkoba.

Kutoka chumbani habuba akaita, "Nani hao? Mbona mtoto wangu haji kunisalimu?"

Mama alisikia. Nilimwona anasikia. Akapita mlango ule, akatoka barabarani.

Miezi iliyofuata sipendi kuikumbuka. Nilimwambia mama twende tumwulize habuba mwenyewe, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyebaki anayejua nyanya alitoka wapi, alizaliwa na nani. Tulikuwa tumepekua ofisi, msikiti na debe la watu darini, na aliyekuwa na habari yote amelala pale pale kitandani anaomba chai.

"Nikamwulize nini?" mama alinijibu. "Niende na uzee huu niseme, mama, mimi ni wa nani?"

Baba alijaribu utani, maskini. Alisema kumbe ng'ombe wa mahari aliwapelekea watu wasiohusika. Hakuna aliyecheka. Akajaribu tena kwa njia nyingine, akasema Sajini alikaa Nakaloke, huenda alimwokota mtoto wa mlimani wakati wa njaa, huenda mama ni Mgisu kama yeye, amerudi nyumbani bila kujua. Alidhani anamfariji. Mama akarusha mwiko ukutani.

"Basi mwanangu alikufa kwa ajili ya babu wa watu," alisema. "Ningesema neno moja tu mlangoni pale, na lingekuwa kweli!" Baba akatoka nje. Mimi nilibaki na mama, nikamshika.

Habari ya msiba ililetwa na dereva wa teksi aliyetoka Jinja na gari la alfajiri. Habuba amefariki usiku, alisema, mama mdogo anasema njooni upesi sana. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Mama alikuwa ameketi na ungo, anachambua mchele.

"Mama, gari lipo."

"Nenda wewe."

"Alisema wewe ndiye utakayemwosha!"

"Alisema zamani. Mgeni haoshi maiti. Mgeni anakaa mkekani, analetewa chai kwenye kisahani."

Nilipaza sauti. Nilimwambia kiburi chake kitamla, nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi, na baba akaja kunitoa. Mama hakuinua macho. Alichambua ule mchele mpaka ukawa hauna hata punje chafu, kisha akaumwaga tena kwenye ungo akaanza upya. Nami sikwenda bila yeye. Ningefika pale kama nani?

Baada ya arobaini mama mdogo alikuja Nkoma, peke yake. Hatukumtarajia. Alivua viatu mlangoni, akakataa kiti, akakaa chini karibu na mama aliyekuwa anamenya kunde, akavuta ganda moja naye akaanza kumenya. Walimenya hivyo muda mrefu bila salamu za maana.

"Tulikungoja," mama mdogo alisema mwishoni. "Mpaka alasiri. Wazee walitaka azikwe adhuhuri, wakanitukana, nikawaambia haguswi na mtu. Maji tulichemsha, yakapoa, tukachemsha tena."

"Mlinisubiri nini, na damu yake mpo?"

"Aliacha wasia, wewe ndiye umwoshe. Aliwaita wazee akausema mbele yao wiki ile ile uliyoondoka bila kumsalimu. Nikamwambia, mama, mbona unanivunjia heshima, mimi nimekubeba mgongoni mpaka Kenya. Akaniambia, wewe una haki yako hata nisiposema. Yule ni lazima niseme."

Mama aliendelea kumenya, ila ganda lilikuwa tupu.

"Na habari za mama yako alikuwa nazo," mama mdogo akaendelea. "Nilimwomba aniambie nikuletee. Akakataa. Alisema hizo ni zako, utazisikia kwake, utakuja tu. Kila gari likisimama barabarani aliuliza kama ni wewe." Akajifuta uso kwa upande wa mkono. "Basi tulipoona hufiki, nilimwosha mimi. Nywele nikamsuka mikia mitatu kama ilivyo sunna. Nikasuka vibaya. Nisamehe, dada."

Mama akaacha kunde. Akamshika mama mdogo vidole, akavigeuza geuza, kama anayetafuta kitu kilichobaki humo.

"Mpaka alasiri," alisema.

"Mpaka alasiri."

"Kutoka hapa," mama alisema, "ningefika adhuhuri."